Msimu mpya wa michezo ya Ireland nao utengewe nafasi gazetini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo huenda likawa geni kwa wengi, lakini ambalo sisi wachache tunaolifuatilia hapa Mombasa tunalingojea kwa hamu kubwa. Mwishoni mwa mwezi huu wa Januari, siku chache tu baada ya fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Morocco, ligi za kitaifa za kandanda ya Kigaeli na za halingi, yaani mchezo wa magongo wa Ireland, zitafungua msimu wa 2026. Ombi langu ni kwamba ukurasa wako wa michezo utenge walau safu moja fupi kila Jumatatu, kuanzia sasa hadi fainali za Julai, ili kutupasha matokeo na habari za michezo hii.

Sisemi hivi kwa kuwa nimeichoka kandanda ya kwetu. Bandari ni timu ya nyumbani na nitaendelea kununua gazeti nisome habari zake, ishinde ishindwe. Lakini kurasa hizo hizo hujaa uvumi wa usajili wa klabu za Uingereza, nani anamezewa mate na klabu gani, hata katika miezi ambayo hakuna mpira unaochezwa huko, ilhali katika miezi hiyo hiyo kuna mashindano halisi, yenye historia ndefu, yanayojaza uwanja wa watu zaidi ya 82,000 jijini Dublin, na ambayo msomaji wa Kiswahili hapati hata mstari mmoja kuyahusu.

Kwa wasioijua, michezo hii miwili husimamiwa na Chama cha Michezo cha Kigaeli, ambacho wenyewe hukiita kwa kifupi GAA, kilichoasisiwa Novemba 1, 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Yote miwili huchezwa katika uwanja wa aina moja, mkubwa kuliko wa kandanda tuliyoizoea, wachezaji 15 kila upande, na milingoti ya goli imesimama kwa umbo la herufi H. Mpira ukiingia wavuni chini ya mtambaa wa panya ni goli, nalo lina thamani ya pointi tatu; ukipita juu yake katikati ya milingoti ni pointi moja. Katika kandanda ya Kigaeli mchezaji huruhusiwa kuudaka mpira na kukimbia nao, ila kila baada ya hatua nne lazima audunde au aupige kwa ncha ya kiatu urudi mikononi mwake. Katika halingi kila mchezaji ana gongo lake, na kijimpira cha ngozi wanachokigombania husafiri kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, ndiyo maana tangu 2010 kofia ngumu imekuwa lazima kwa kila anayeingia uwanjani.

Gongo lenyewe nimepata kulishika. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi kule Cork nchini Ireland, alilileta alipokuja nyumbani likizo, na sasa limetundikwa ukutani kwa dada yangu Mikindani. Limechongwa kwa mti uitwao ash, mweupe unaoelekea manjano, mwepesi kuliko mtu anavyodhani kwa kuutazama. Ukilisogeza karibu na macho utaona nyuzi za mti zikishuka moja kwa moja mpinini, kisha zikipinda pamoja na gongo bila kukatika, kwa sababu fundi hulitoa katika sehemu ya chini kabisa ya shina, pale shina linapoanza kugeuka mzizi. Mafundi wa majahazi wetu wanapotafuta mataruma, yaani mbavu za chombo, hufanya vivyo hivyo: huchagua mti uliopinda wenyewe, maana uliopindishwa kwa msumeno hauhimili kishindo. Inasikitisha kwamba miti hiyo inakufa kwa ugonjwa wa kuvu ulioenea Ulaya, na baadhi ya wachezaji wameanza kutumia magongo ya mwanzi na ya plastiki. UNESCO iliiingiza halingi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2018. Ndilo shirika lile lile ambalo mwaka 2009 lilizitambua mila za Kaya za Wamijikenda kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na kwa hivyo watu wa Pwani hawawezi kuambiwa kwamba mambo ya namna hii hayawahusu.

Linalonivuta zaidi, hata hivyo, ni jinsi timu zinavyoundwa. Sisi tuna kaunti 47. Ireland ina kaunti 32, na sita kati ya hizo ziko Ireland ya Kaskazini chini ya Uingereza, ingawa katika michezo hii mpaka huo hauhesabiwi kabisa, na mabingwa wa kandanda wa 2024 walikuwa Armagh, kaunti ya upande wa kaskazini. Mchezaji huanza katika klabu ya parokia ya kwao, na akiwa hodari huitwa kuichezea kaunti yake. Hakuna soko la wachezaji wala mshahara wa kucheza. David Clifford wa Kerry, ambaye wengi humhesabu kuwa mwanakandanda bora wa kizazi hiki, ni mwalimu kwa kazi yake, na klabu yake ni ile ya Fossa, kijiji chake. Shabiki naye hachagui timu, bali huzaliwa nayo au huhamia kwake, na ndiyo sababu kusubiri msimu mpya huko ni tofauti na kusubiri kwetu. Hakuna anayeuliza ni nyota gani atanunuliwa. Watu huulizana ni vijana gani wa chini ya miaka 20 wameiva, kama fulani amepona goti, na kocha mpya atamweka nani mbele ya goli, na wanaouliziwa ni watoto wa jirani wanaofahamika kwa majina ya baba zao.

Namna msimu wa 2025 ulivyoisha ndiyo inayoufanya huu mpya usubiriwe kwa shauku ya pekee, hasa upande wa halingi. Cork haijatwaa kombe la Liam MacCarthy, yaani kombe kubwa la ubingwa wa halingi wa Ireland nzima, tangu 2005. Mwaka jana ilichukua ligi kwa mara ya kwanza tangu 1998, ikachukua ubingwa wa jimbo la Munster kwa kuishinda Limerick kwa mikwaju ya penalti, na Julai 20 ikaingia Croke Park, ule uwanja mkubwa wa Dublin, kucheza fainali na Tipperary huku karibu kila mtu akiamini kwamba zamu yake imefika. Mechi ilianza saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu. Tulikuwa tumekusanyika sebuleni kwa dada yangu, simu imeunganishwa na televisheni kwa waya, na hadi mapumziko Cork ilikuwa mbele kwa pointi sita. Kipindi cha pili kilipokuwa kikianza adhana ya Magharibi ikalia, nasi tukaenda kuswali tukiwa na utulivu wa moyo. Tuliporudi, Tipperary ilikuwa inaongoza. Katika kipindi chote hicho cha pili Cork iliambulia pointi mbili tu, ilhali wenzao walifunga magoli matatu na pointi 14. Kipa wa Tipperary, Rhys Shelly, alipangua penalti na tena akafunga pointi yake mwenyewe kutoka mbali, na kijana wa miaka 19, Darragh McCarthy, alimaliza fainali akiwa na goli moja na pointi 13 kwa jina lake. Mpwa wangu alipiga simu usiku ule, na kwa muda mrefu hakuna kati yetu aliyekuwa na la kusema.

Wiki iliyopita alipiga tena. "Mjomba," akaniambia, "mwaka huu ni wetu, wewe subiri uone." Maneno hayo huyasema kila Januari, na kila Januari huwa anayaamini, nami naona ana haki. Cork ina kocha mpya, Ben O'Connor, ambaye alikuwa nahodha wa timu iliyotwaa kombe mwaka 2004 na ambaye anajua ladha ya kushinda. Maoni yangu ni kwamba kikosi hakina upungufu wa vipaji. Kinachotakiwa ni kujua la kufanya pale mambo yanapoharibika, kwa sababu timu iliyoshindwa na Clare kwa pointi moja katika fainali ya 2024, baada ya muda wa ziada, kisha ikaporomoka namna ile mwaka uliofuata, haishindwi na miguu. Tipperary nayo haitakaa kusubiri kupinduliwa, maana pamoja na kombe hilo kubwa ilichukua pia lile la vijana wa chini ya miaka 20. Limerick, iliyotawala kwa mataji manne mfululizo kuanzia 2020 hadi 2023, bado ina nguvu, na Kilkenny, yenye mataji 36 kuliko kaunti nyingine yoyote, ina njaa ya tangu 2015. Wenye kupenda kivumbi cha kweli waziangalie mechi za Munster kuanzia Aprili, ambapo timu tano hucheza kwa mzunguko na mbili kati yake hutolewa mapema; kwa maoni yangu hakuna mashindano magumu kuliko hayo.

Kwa msomaji anayeuliza mtoto wa Kiafrika anahusika vipi na ushabiki wa Cork, nitamjibu kwa jina la nahodha wa mwisho kuliinua kombe kwa niaba ya kaunti hiyo. Mwaka 2005 nahodha alikuwa Seán Óg Ó hAilpín, ambaye mama yake anatoka kisiwa cha Rotuma huko Fiji, na siku ile alitoa hotuba yake yote kwa Kiayalandi. Mtoto wa mpwa wangu sasa anacheza katika klabu ya parokia yao, huvaa jezi nyekundu Jumamosi asubuhi pamoja na wenzake, na hakuna anayemuuliza katokea wapi. Uhusiano wetu na watu wale si wa jana pia. Wapo katika kundi letu la WhatsApp watu wazima waliosomeshwa na mapadre na watawa kutoka Ireland, na hata Colm O'Connell, mtawa aliyemnoa David Rudisha pale Iten, ni mzaliwa wa kaunti ya Cork.

Upande wa kandanda, jambo kubwa ni sheria mpya. Kwa miaka mingi mchezo ulikuwa umedorora: timu ilirudisha wachezaji wake wote nyuma, mpira ukapitishwa kwa mikono kushoto na kulia na kurudi kwa kipa, na mtazamaji akabaki kupiga miayo. Kamati iliyoongozwa na Jim Gavin, kocha aliyeipa Dublin mataji matano mfululizo kuanzia 2015, ilipendekeza mabadiliko ambayo yalijaribiwa msimu wote wa 2025 na kupitishwa kuwa ya kudumu mwezi Oktoba. Sasa mpira unaopigwa kutoka nje ya mstari wa mita 40 na kupita juu ya mtambaa wa panya huhesabiwa pointi mbili. Kila timu lazima iwaache wachezaji watatu katika nusu ya uwanja ya wapinzani wakati wote, na anayebishana na refa huiponza timu yake, kwa kuwa mpira husogezwa mbele mita 50. Hili la mwisho ningependa waamuzi na wachezaji wetu walitazame kwa makini. La pointi mbili nina shaka nalo kidogo, kwa sababu siku ya upepo mkali timu inayocheza na upepo hupata faida isiyotokana na ufundi, lakini siwezi kukana kwamba mechi zimechangamka, na kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu wanaingoja ligi ya kandanda kwa hamu sawa na ya halingi.

Kerry ndiyo inayotetea taji la Sam Maguire, yaani kombe kubwa la kandanda, lake la 39, baada ya kuilaza Donegal Julai 27, na kwa kuwa Clifford bado yupo sioni sababu ya kuitoa katika nafasi ya kwanza. Moyo wangu, lakini, uko na mashabiki wa Mayo. Kaunti hiyo haijalipata kombe hilo tangu 1951, na tangu 1989 imefika fainali na kushindwa mara 11. Msimu huu inaongozwa na Andy Moran, aliyekuwa mshambuliaji wake na aliyeonja machungu hayo mwenyewe akiwa uwanjani. Wazee waliouona ushindi wa 1951 wakiwa watoto sasa wamepita miaka 80, na bado watafunga safari ya ligi katika baridi ya Januari na Februari, mvua inanyesha, kwa mechi ambazo haziamui kombe kubwa. Mimi naona ushabiki wa namna hiyo unastahili kuandikwa katika lugha yetu.

Jingine linalostahili kuandikwa ni kwamba mashabiki wa timu mbili huko hawatenganishwi. Huketi bega kwa bega, jezi za rangi mbili zimechanganyika jukwaa zima, na mechi ikiisha hutoka kwa milango ile ile. Sisi ambao tumeona mawe yakirushwa na viti vikivunjwa katika mechi zetu tungefaidika kuliona hilo likielezwa mara kwa mara.

Safu ninayoiomba isiwasahau wanawake. Halingi yao, iitwayo kamogi, ina chama chake tangu 1904, na kandanda yao tangu 1974. Fainali zao hufuata zile za wanaume, mwezi Agosti. Mwaka jana wachezaji wa kamogi walipata haki ya kuchagua kuvaa kaptura badala ya sketi waliyolazimishwa kwa miaka mingi, habari iliyonigusa kwa kuwa hapa Pwani tunao mabinti wanaotaka kucheza wakiwa wamejisitiri kwa hijabu na suruali ndefu, na hoja yao ni ile ile, kwamba mchezaji aachiwe vazi lake.

Najua utaniambia kwamba mwaka huu Kombe la Dunia litachezwa kuanzia Juni 11 hadi Julai 19, na kurasa zitajaa. Ni kweli, na ndiyo maana naomba safu ianze sasa, wakati wa ligi, ili msomaji afike Julai akizijua timu na watu wake. Miaka mingine isiyo na Kombe la Dunia, Julai ndio mwezi ambao ukumbi wa kutazamia mpira mtaani hukosa cha kuonyesha jioni ya Jumapili, na fainali hizi huangukia hapo hapo. Lugha haiwezi kuwa kikwazo. Freretown ilituzalia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetufundisha kuona mpira kwa masikio na aliyetutoka Februari mwaka jana. Ireland nayo ilimpoteza Juni 2024 Mícheál Ó Muircheartaigh, aliyetangaza michezo hii redioni tangu 1949 hadi 2010. Niliposikiliza kanda za mzee huyo nilisikia kasi ile ile na upendo ule ule wa kumtaja mchezaji pamoja na kijiji chake, na nikawa na hakika kwamba Kiswahili kingeibeba halingi bila taabu yoyote.

Ombi la ziada ni kuhusu uandishi wa matokeo, kwa sababu mahali hapa ndipo magazeti ya nje hukosea. Matokeo huandikwa kwa namba mbili kwa kila timu, ya kwanza ikiwa magoli na ya pili pointi. Fainali ya kandanda ya mwaka jana iliandikwa Kerry 1-26, Donegal 0-19. Asiyejua atadhani Kerry ilifungwa mabao 26, kumbe ilishinda kwa pointi 29 dhidi ya 19. Ile ya halingi ilikuwa Tipperary 3-27, Cork 1-18, yaani 36 kwa 21. Ingefaa kila Jumatatu jumla hiyo iwekwe kando ya namba hizo, angalau kwa miezi ya mwanzo, hadi macho ya wasomaji yazoee.

Kazi ya kukusanya matokeo haitawaelemea waandishi wako. Mechi nyingi za Jumapili zitakuwa zimekwisha kabla ya saa mbili usiku kwa saa zetu, na mimi pamoja na wenzangu tuko tayari kuyaleta yakiwa yamehakikiwa, bila malipo, mapema vya kutosha kabla ukurasa haujafungwa. Tunachohitaji ni kujua tumpelekee nani dawatini kwako, na kama ukubali wako utapatikana kabla ya mwisho wa mwezi, tutaanza na raundi ya kwanza ya ligi.

Msomaji wako wa miaka mingi,
Tudor, Mombasa